Maradhi na Malazi Katika Kinywa Chako

Dada Minza,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini siku ile ya kwanza ulinirudisha mlangoni kwa kuingia ofisini kwako bila salamu, na tangu hapo sijaweza kuanza neno na wewe bila hiyo. Ipokee tu, tuendelee.

Mwaka umetimia tangu tukuzike Misungwi. Kichwani nimekuandikia mara nyingi, nikifagia uwanja, nikiwa kwenye foleni ya ungamo. Leo nimeshika kalamu kwa sababu limetokea jambo linalokuhusu wewe mwenyewe, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Padri anasema marehemu mnatuona. Kama ni kweli, basi umeshamwona Mkurugenzi wetu, na nakupa pole.

Yule mzee mwenye studio miguu imemshinda, akamkabidhi kazi mpwa wake aliyetoka Dar es Salaam. Kijana wa miaka thelathini na kitu. Anavaa viatu vyeupe, kwa vumbi hili la Mabatini, na kila akikaa anavifuta kwa kidole. Jina alilobatizwa nalo halipendi, anataka tumwite Mkurugenzi. Studio ina watu wanne, Dada, na mmoja ni mlinzi. Ukijisahau ukamwita "kaka", anageuka kuangalia nyuma yake kana kwamba umemsalimu mtu mwingine. Meza yako ameiwekea mashine ya kahawa. Kahawa yenyewe anakunywa peke yake.

Kazi yetu, ile ya kuandika maneno chini ya picha ili asiyesikia asome anachosema mhubiri au daktari kwenye video, anasema imepitwa na wakati. Ameleta programu ya kompyuta inayosikiliza na kuandika yenyewe. Anaiita akili mnemba. Mimi naiita akili ya kuazima, maana aliyeiazima hana ya kwake ya kuikagua. Unaiwekea hotuba ya saa nzima, unakwenda kunywa chai, ukirudi imemaliza. Imemaliza nini, sasa, hilo ndilo swali ambalo Mkurugenzi hajawahi kuuliza.

Unakumbuka sisi watu wa huku tunavyoongea. Wewe Msukuma, mimi Mjita, na kati ya r na l kila mmoja wetu anachukua ile iliyo karibu. Katekista mmoja alihubiri vizuri mno, machozi yalinitoka, akimaliza kwa kusema "mkalibieni Mungu." Mashine ikaandika: Mkaripieni Mungu. Video ikatoka hivyo. Wakristo wa watu wakaagizwa na katekista wao waende wakamgombeze Mwenyezi. Nikamwambia Mkurugenzi. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mvua kupitia dirisha, akasema, "Mama Vero, watu wataelewa tu."

Watu wataelewa tu. Hiyo ndiyo shahada yake yote, nimekunukulia hapo.

Mimi nimesoma hadi kidato cha pili, wewe unajua. Lakini wewe hukunifundisha kwa vyeti. Ulinifundisha kwa kunipeleka kwa kaka yako Masalu, fundi baiskeli wa pale Misungwi, ambaye homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio akiwa na miaka kumi na miwili. Maneno alikuwa ameshayapata, kusoma alikuwa ameshajua, kwa hiyo anaongea, ila kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto, kwa kuwa hajisikii. Kila nilichoandika ulimpelekea yeye kwanza. Mimi niliona aibu: msomi gani huyu wa kunisahihisha, mikono yote grisi?

Halafu ikaja ile hotuba ya muuguzi kuhusu kuharisha. Mimi kwenye picha ya kwanza niliandika: Mtoto akiharisha, mpe maji mengi. Na kwenye picha iliyofuata: yaliyochemshwa yakapoa. Masalu akasoma ile ya kwanza, akainama kukaza mnyororo, alipoinua kichwa ya pili ilikuwa imekwisha kupita. Akatuuliza, "Maji yoyote? Hata ya ziwani?"

Ulinigeukia. Hukupandisha sauti. Ulisema, "Umeona? Sentensi usiikate mahali ambapo nusu yake ni uongo." Nililia njiani kurudi, nikifikiri juu ya watoto wa mwambao wote huu ambao ningewanywesha maji ya ziwa kwa sababu nilikata mstari vibaya. Wewe ukanipa michembe, vile viazi vilivyokaushwa, kutoka kwenye mkoba, ukasema nile, kulia na njaa ni kazi mbili.

Sasa mwambie Mkurugenzi habari ya kukata mstari. Mashine yake inakata popote pumzi ilipokwisha. Mzee mmoja wa ushirika alikuwa anaonya wakulima: "Pamba yenye maji msiuze." Mzee ana kikohozi. Mashine ikaandika "Pamba yenye maji", ikaweka nukta, na lile "msiuze" ikalipeleka kwenye sentensi iliyofuata, ile ya pamba safi. Ukisoma bila kusikia, unashauriwa kuficha pamba nzuri na kupeleka mbovu mnadani. Mkurugenzi alipoonyeshwa alisema, "Hiyo ni asilimia ndogo." Asilimia za nini, hakusema. Watu wa namna hii wakisikia aibu wanakimbilia asilimia.

Habari nyingine, kabla sijafika kwenye lako. Daraja la Busisi limekwisha, magari yanapita. Tukienda kurekodi Sengerema hatusubiri tena kivuko. Ni jambo jema, namshukuru Mungu, wagonjwa wanavuka. Ila mimi nakumbuka ulivyotumia ule muda wa kusubiri. Ulikuwa unaniambia, msikilize yule anayegombana na kondakta, maneno yake yote, halafu niandikie kwa mistari miwili. Nikiandika unasoma, unasema, "Umefupisha vizuri, lakini umemwibia hasira yake. Irudishe." Nami naanza upya huku wewe unanunua samaki wa kukaanga na kumwambia muuzaji kwamba huyu ni mdogo wangu, anasomea. Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Sasa tunavuka kwa dakika chache, na kwenye gari Mkurugenzi ameziba masikio kwa vile vidude vyake. Mtu ambaye kazi yake ni maneno ya watu, na barabara nzima hasikilizi mtu.

Haya. Nakaribia lako.

Baada ya kuona mashine inakosea, unafikiri alifanya nini? Aliyageuza makosa kuwa biashara ya kuchekesha. Alichukua vipande vya wazee, akayaacha maneno yalivyotamkwa, l mahali pa r, z mahali pa dh, tena kwa herufi kubwa za njano, akaweka na vile vikatuni vya nyuso zinazotoa machozi ya kicheko. Mzee wa ushirika aliyesema ng'ombe wake walikufa kwa maradhi, akaandikiwa: NG'OMBE WANGU WALIKUFA KWA MALAZI. Kana kwamba ng'ombe walikwenda kulala nyumba ya wageni wakafia huko. Video ikatembea kwenye simu za watu hadi Dar.

Yule mzee alikuja ofisini. Alivaa koti. Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha. Hakutaka kumwona Mkurugenzi, alinitaka mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemwekea kipaza sauti siku ile. Akaniuliza polepole, "Binti yangu, mimi nilisema hivi?" Nikamwambia, "Hapana, baba. Ulisema maradhi." Akasema, "Asante. Nilianza kujishuku." Akaondoka. Dada, mtu wa miaka ile, aliyelima na kuzika ng'ombe wake, anaanza kujishuku kwa sababu ya mvulana mwenye viatu vyeupe.

Jumanne ya wiki ile ya misa yako ya mwaka, nikaingia ofisini nikamkuta ameshikilia meza, anacheka hadi kifua kinambana. Kwenye kompyuta ulikuwa wewe.

Ile hotuba yako, Dada. Ile uliyowatolea wagonjwa pale ukumbi wa parokia, umekaa kwenye kiti cha plastiki, kitambaa cha bluu kichwani, umekonda. Tuliirekodi wote tukijua. Wewe mwenyewe ulisema usipopata nafasi ya kuiandikia maneno, niiandike mimi. Na mimi, Mungu anisamehe, mwaka mzima sikuweza kuifungua. Parokia iliiomba ionyeshwe baada ya misa. Mkurugenzi akaona asinisubiri. Akaitia kwenye mashine yake.

Ulikuwa umefika pale mwishoni. Ukasema lile neno lako. Mashine ikaandika: Nimechoka na malazi, nataka malazi.

"Huyu ndiye aliyekuwa mwalimu wenu wa maandishi?" Ndivyo alivyoniuliza, akifuta macho. "Mama Vero, hii itasambaa mbaya. Kipande hiki tu, sekunde kumi."

Nikamwambia afute. Akasema ni sauti yako, yeye hakukutuma useme hivyo. Nikamwambia aliyelala Misungwi aliandika Kiswahili safi kuliko yeye na ukoo wake wote, na kwamba ulimi una kwao kama mtu alivyo na kwao. Akasema, "Huna elimu ya haya mambo." Kweli sina. Nilisema nina video yangu ya kuandika, nikaichukua nakala kwenye flashi, nikatoka. Sikumuaga. Nimeungama hilo na mengine niliyomwazia njiani. Padri alinipa rozari moja. Nadhani alipunguza kwa kuwa naye alikuwa ameshaonyeshwa kile kipande na Mkurugenzi mwenyewe.

Nikaenda nyumbani nikaandika. Siku mbili. Kila sentensi nilikusikia ukinigombeza: ndefu mno, huyu msomaji ana pumzi ngapi? Mahali ulipokohoa niliandika kwamba unakohoa. Mahali watu walipocheka ulipowaambia daktari wako ana mkono baridi kuliko sangara, niliandika kwamba wanacheka, ili asiyesikia asijione amebaki nje ya mlango. Kote nilikwenda vizuri. Nikafika pale, nikakwama.

Kwa sababu nisikufiche, hata mimi sikuwa na hakika. Katika kinywa chako maradhi na malazi ni neno moja. Nimekusikia miaka tisa ukisema yote mawili, nami nilijua maana kwa yale yanayolizunguka. Pale hapakuwa na kitu kinacholizunguka. Ulisema neno, ukanyamaza, ukasema neno lile lile. Inawezekana ulisema umechoka na kulala kitandani, unataka tu malazi mengine. Inawezekana ulikuwa unachanganyikiwa na dawa. Nilitaka iwe maradhi kwanza, halafu malazi, kwa sababu ndivyo mimi ningependa uwe umesema. Lakini ulinifundisha kwamba kumwekea mtu maneno mazuri ambayo hakuyasema ni wizi ule ule, ila umevaa suti. Kama ningekosea, ningekuwa nimekufanya mtakatifu kwa kalamu yangu, na Mkurugenzi angekuwa amekufanya kichekesho kwa mashine yake, na wewe mwenyewe usingekuwepo popote.

Alhamisi nikaenda Misungwi kwa Masalu. Akafuta mikono, akaishika simu kama anavyoshika kitu cha kukopa. Nilikuwa nimeondoa maneno yote chini, aone picha tu. Sikumwambia ninachotafuta, nilimwandikia kwenye daftari: Niambie dada anasema nini hapa.

Aliangalia mara ya kwanza, akaangalia mara ya pili. Mimi nilidhani anasoma midomo, nikajua ni bure, midomo ni ile ile mara zote mbili. Kumbe hakuwa akiangalia midomo. Akagusa kioo kwa kidole, akasema kwa ile sauti yake, mtaa mzima ukasikia: "Hapa anaumwa." Akasogeza mbele sekunde chache. "Hapa haumwi."

Nikaangalia. Ni kweli, Dada. Neno la kwanza umelisema mabega yamepanda, mkono uko tumboni, kama ulivyokuwa unakaa siku mbaya. Halafu unanyamaza. Mkono unashuka juu ya paja, mabega yanashuka, na neno la pili unalisema kama mtu aliyefika mlangoni kwao na kuweka mzigo chini. Nilikuwa nimeisikiliza sehemu ile mara ishirini. Kuiangalia, hata mara moja sikuwa nimeiangalia.

Masalu akaniuliza nilikuwa nalia nini. Nikamwandikia habari yote, pamoja na Mkurugenzi na kile kipande chake. Alisoma polepole, akafunga banda.

Ijumaa asubuhi tulikuwa naye Mabatini. Alisimama mlangoni mwa ofisi, koti la grisi, akasema bila kujua ukubwa wa sauti yake, "Ni nani hapa anamcheka dada yangu?" Fundi simu wa jirani alitoka nje. Mama wa chapati alitoka nje. Mkurugenzi alisimama, akakaa, akasimama. Kwa mara ya kwanza alihitaji kumwambia kitu mtu asiyesikia, na mashine yake haikuwa na la kumsaidia. Akachukua karatasi, akaandika, akampa kwa mikono miwili.

Masalu akaisoma. Akaigeuza huku na huku. Akamwuliza kwa sauti ile ile, "Nahomba? Hii h umeiweka ya nini?"

Dada, alikuwa ameandika: Nahomba radhi. Yeye, mcheka wazee wa watu, mwenye asilimia. Sisi tunapoteza r, yeye h zinamwagika mahali ambapo hazikualikwa, na hakuna mtu aliyewahi kumwandikia kwa herufi za njano. Masalu akaomba kalamu, akaikata ile h kwa mstari mmoja ulionyooka, akamrudishia karatasi. Hakucheka. Mimi nilicheka, nimeungama hilo pia. Mama wa chapati alicheka na hana mpango wa kuungama.

Kipande chako kilifutwa pale pale, tukiangalia. Na kile cha mzee wa ushirika, nilisema nacho, kikafutwa. Vilivyokwisha kuingia kwenye simu za watu havirudi, hilo najua.

Jumapili ukumbi ulijaa. Walileta viti vya shule. Masalu alikaa mbele kabisa, amevaa shati jeupe lililokunjwa kwenye sanduku hadi mikunjo ikawa kama madirisha. Ulipotokea ukutani watu waliacha kusogeza viti. Maneno yangu yakapita chini yako, mistari miwili miwili, na nilikuwa nimesimama nyuma nikihesabu pumzi zao. Ulipokohoa, ukumbi ulikuwa umeshasoma kwamba unakohoa. Ulipofika kwenye sangara, Masalu alicheka sawasawa na wenye masikio, wakati ule ule, si baada yao kama anavyocheka siku zote.

Halafu ikafika. Nimechoka na maradhi. Nikaiacha pale muda wote ulionyamaza. Nataka malazi. Masalu aliisoma kwa sauti, hakujua kwamba anaisoma kwa sauti. Ukumbi mzima ulimsikia kaka yako akiyasema maneno yako, na kwa ulimi wake yalikuwa, naapa, malazi na malazi. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wamesoma.

Mkurugenzi alikuwepo, kwa ajili ya kupigwa picha. Jumatatu aliniambia kazi zote za parokia nizifanye mimi, kwa mkono, kwa vile "wateja wamependelea". Alisema kana kwamba ananipa zawadi iliyotoka mfukoni mwake. Nikamjibu, "Asante, kaka." Akageuka kuangalia nyuma.

Niombee, Dada. Niombee huku kumdharau kupungue, maana najua kunanila mimi kuliko yeye, na nataka siku moja tukutane mahali ambapo sitaruhusiwa kuingia nako. Usiombe kuishe kote. Kidogo kibaki, cha kazi.

Nimeanza kuzirudia hotuba zote alizozipitisha kwenye mashine, moja baada ya nyingine. Nakuahidi hivi: mtu yeyote atakayepita mikononi mwangu, awe ametoka kisiwani au porini, atasomwa alichokusudia, na kinywa chake nitakiachia mwenyewe na Mungu aliyemuumbia. Kesho asubuhi nina mkunga wa Ukerewe, dakika arobaini, anaongea kama anafukuzwa na siafu. Nitaanza naye mapema.

Lala salama ulipopatiwa nafasi, Dada Minza. Masalu anakusalimu, na ukisikia kelele huko juu, ni yeye.

Mdogo wako anayesomea bado,
Veronika